Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Elimu Nchini Kenya: Insha ya Ndoo Tupu Ilipewa Alama 9

Kwa Waziri wa Elimu. Kwa Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC. Kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Na kwa Tume ya Kuajiri Walimu, TSC.

Kuh: Insha za kukariri na uandishi wa Kiswahili katika shule zetu

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili ya kutwa, kwenye ukanda wa Pwani, na nimeishika chaki kwa miaka ishirini na mmoja. Nawaandikia kwa sababu nyinyi ndio mnaoamua mtoto wa nchi hii afunzwe nini, apimwe vipi, na mwalimu wake awe na muda gani wa kuisoma kazi yake. Katika uandishi wa insha, mambo hayo matatu yamekutana yakamfunza mtoto kwamba njia ya mkato ndiyo njia yenyewe.

Miaka michache iliyopita shule kadhaa za eneo letu zilifanya mtihani wa majaribio wa pamoja, nasi walimu tukakutana kwa siku tatu kuusahihisha, kila mmoja akikabidhiwa bunda la shule isiyo yake. Ulikuwa mwezi wa Julai, upepo wa kusi umeshika, bahari imechafuka, na vyombo vidogo vingi vimepandishwa pwani. Swali moja lilimtaka mtahiniwa atunge kisa cha kuthibitisha methali isemayo, Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Mwenzangu aliyeketi kando yangu alimaliza hati moja, akaiweka juu ya rundo na kusema, “Huyu hajui insha.” Nikaomba niisome.

Mwandishi alikuwa msichana, na kisa chake kilikuwa cha siku tano. Siku nne baba anashuka pwani kabla ya jua kuchomoza, na siku nne anarudi bila kitu. “Baba aliweka ndoo chini, akaigeuza, akaikalia,” aliandika. “Mama hakumuuliza. Aliondoa sufuria ya wali mekoni, akateleka maji ya chai.” Siku ya tano, maji ya bamvua yalipotoka na miamba ikawa wazi, ni mama aliyejifunga leso kiunoni akatembea mwambani na kijiti chake, akachokora shimo baada ya shimo mpaka akapata pweza mmoja, mdogo, ambaye binti alimpigapiga juu ya jiwe hadi mkono ukamfa ganzi. Wali wa jioni ile haukuwa mkavu, na insha iliishia hapo. Haikuwa na jogoo wala nyuni, wala wahenga ambao hawakukosea waliponena. Ilikuwa na makosa matano au sita ya tahajia, na nukta mahali ambapo sentensi ilikuwa haijakwisha. Lakini mtoto yule alikuwa ameichukua methali ambayo sisi huitaja bila kuifikiri, akairudisha upwani ilikozaliwa, na akaona ndani yake jambo ambalo mimi, kwa miaka yote niliyoifundisha, sikuwa nimeliona: kwamba yule tunayemsifu kwa kugaagaa na yule anayeupatia wali kitoweo si lazima wawe mtu mmoja.

Alipewa alama 9 kwa 20, yaani kiwango cha C, na kando ya alama hiyo yaliandikwa maneno manne kwa wino mwekundu: “Haina mapambo ya lugha.”

Ndani ya bunda lilo hilo kulikuwa na insha iliyotuzwa 17. Ilianza hivi: “Nilirauka alfajiri ya Mungu jogoo wa kwanza alipowika. Nyuni walikuwa wakitumbuiza kwa nyimbo za kumsifu Muumba, na jua la matlai lilikuwa likichungulia kwa haya kama mwali.” Nilisita nilipoyasoma maneno hayo, kwa kuwa nilikuwa nimeyasoma asubuhi ile ile katika bunda langu, la shule nyingine, kwenye insha tatu ambazo hazikuhusu methali hii kabisa. Moja ilieleza mkasa wa moto, ya pili harusi ya dada, na ya tatu wizi wa mifugo. Niliziweka zote nne mezani, moja kando ya nyingine, tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwalimu aliyeongoza meza yetu alisema, kwa upole na pasipo ubaya wowote, kwamba mwongozo wa kusahihisha tuliopewa unadai misemo na tamathali za usemi, na kwamba hana uwezo wa kuubadilisha saa ile. Alama 9 ikabaki 9.

Simlaumu mwenzangu, wala simlaumu kiongozi wa meza, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuyafundisha maneno hayo ya jogoo na nyuni. Nilipoanza kazi nilirithi kwa mwalimu aliyenitangulia kurasa kumi na mbili zilizopigwa chapa, zikiwa na mianzo ya insha, miisho ya insha, na orodha ndefu ya misemo iliyogawanywa kwa hisia: ya furaha upande huu, ya huzuni upande ule. Leo orodha za aina hiyo huuzwa zikiwa vitini vya shilingi 50 kwenye maduka ya kutolea nakala, na faili zake huzunguka bure katika simu za wazazi. Mtoto huambiwa ayameze yote kama yalivyo. Akiwa na huzuni, machozi yamtiririke njia mbili mbili. Akiogopa, awe kama aliyemwona Izraili. Akikimbia, miguu niponye. Akimaliza, awataje wahenga. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa Lodwar na mtoto wa Lamu huamshwa na jogoo yule yule, asubuhi ile ile, hata kama yule wa Lodwar aliamshwa na kengele za mbuzi na yule wa Lamu akaamshwa na adhana.

Nawaomba mlitazame jambo hili kwa karibu, kwa sababu hapa ndipo madhara yalipo. Misemo yenyewe haina kosa. “Kupiga moyo konde” ni maneno mazuri, na aliyeyasema mara ya kwanza alikuwa fundi. Kosa ni kwamba mtoto huyapokea kabla hajawa na jambo la kuyasema, kisha huyatumia kuziba mahali ambapo angepaswa kutazama. Anapofika kwenye sentensi inayomtaka akumbuke baba yake alifanya nini hasa jioni ile alipofutwa kazi, kumbukumbu ni ngumu na inauma, ilhali msemo uko tayari. Basi huweka msemo na kusonga mbele. Kila anapofanya hivyo tunampa alama, na kila tunapompa alama tunamthibitishia kwamba hakuwa na haja ya kukumbuka. Baada ya miaka minane ya malipo ya namna hiyo, alikuwa akija kwangu Kidato cha Kwanza, ambacho kundi lake la mwisho liliingia mwaka 2024, na nilipomwambia, “Nieleze njia unayopita kuja shuleni,” alikuwa akiniandikia mandhari ya kupendeza yenye maua ya kila rangi. Njia hiyo naijua vizuri. Inapita kando ya timbo la matumbawe na jaa la taka, na ingeweza kuandikiwa insha ambayo msomaji asingeisahau.

Huenda nikajibiwa kwamba kukariri ni sehemu ya mila yetu ya fasihi, na hilo ni kweli. Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki karibu mwaka 1840, yalitufikia kwa sehemu kubwa kwa sababu kulikuwa na watu wa Mombasa walioyahifadhi vichwani hadi yalipoandikwa mwishoni mwa karne ile. Anayetaka kutunga shairi la mizani kumi na sita katika mshororo, nane kabla ya kituo na nane baada yake, vina vikipatana kati na mwisho, hawezi kuanza pasipo kubeba mashairi mengi ya waliomtangulia, mpaka mapigo yake yawe kama pumzi. Lakini tazameni alichokifanya Muyaka kwa umbo hilo alilolirithi. Alilitumia kusema juu ya mji wake katika siku zake: Mazrui waliotawala Mombasa na mvutano wao na Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, fedha zinavyowapa watu heshima, mapenzi, na mafumbo ambayo wenzake walitakiwa kuyajibu kwa shairi. Malenga aliyetupiwa fumbo hakuweza kujibu kwa shairi la mtu mwingine alilolihifadhi, angechekwa barazani. Kumbukumbu ilimfunza namna ya kusema, na neno la kusema akalitafuta mwenyewe. Sisi tumegeuza mambo: tunampa mtoto neno la kusema, kisha tunamwacha bila ufundi wa kulijenga. Wanafunzi wangu wengi wanaweza kutaja misemo hamsini, na hawawezi kunieleza kwa nini aya moja inapaswa kutangulia nyingine.

Hata jina la somo lenyewe linatukumbusha. Neno insha tulilipata kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni kuumba, kuanzisha kitu ambacho hakikuwapo. Mtoto anayenakili kwa kumbukumbu aya iliyoandikwa na mtu asiyemjua, kabla hata ya kulisoma swali, hajatunga insha, na sisi tunaomtuza hatujasahihisha insha.

Sasa niseme kuhusu walimu, kwa sababu njia ya mkato haifuatwi bila mtu kusukumwa kuiendea. Mwaka jana nilikuwa na mikondo mitatu, kila mmoja wenye wanafunzi 52. Nikiwapa wote insha moja, ninabeba nyumbani insha 156. Nikiisoma kila moja kwa dakika kumi tu, na dakika kumi hazitoshi kumwonyesha mtoto mahali sentensi yake ilipovunjika na kwa nini, ninahitaji dakika 1,560, ambazo ni saa 26, juu ya vipindi vya darasani, zamu na mikutano. Ili mtoto ajifunze kuandika upya, ambako ndiko kuandika kwenyewe, ingenibidi niisome kazi ile ile mara mbili au tatu, nikiandika maswali pambizoni: Huyu mzee alikuwa amevaa nini? Kwa nini umesema alikasirika, badala ya kunionyesha alichofanya? Sentensi hii ni yako, au umeipata wapi? Hakuna ratiba inayoniruhusu kufanya hivyo kwa watoto 156. Mwalimu aliyezidiwa hufanya analoweza. Hutoa kiolezo, kwa kuwa kiolezo husahihishwa haraka: jogoo yupo, wahenga wapo, tashbihi tatu zimepatikana, alama 15. Msimwite mvivu. Mpunguzieni mzigo kwanza, kisha mmhukumu.

Mtihani wenyewe nao unasaidia upande usiofaa. Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, karatasi ya kwanza ya Kiswahili inampa mtahiniwa saa moja na dakika 45 kuandika insha mbili, kila moja isiyopungua maneno 400 hivi. Ndani ya dakika zisizofika 53 kwa kila insha anapaswa kulisoma swali, kuwaza, kupanga na kuandika nakala safi. Anayefika na aya tatu kichwani ameshalishinda swali kabla halijafunguliwa, ilhali anayetaka kuwaza anaanza akiwa nyuma. Katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, hali ilikuwa ngumu zaidi, kwani mtoto alikuwa na dakika 40 tu za kutunga na kumaliza. Mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6, ulioanza mwaka 2022, ni wa kuchagua jibu, na mtihani wa namna hiyo haumwombi mtoto atunge hata sentensi moja. Katika shule za msingi, mzigo wa kumfunza kutunga umebaki kwenye tathmini za shuleni, na humo ndimo nilimoona wazazi wakilipa watu wa saiba, yaani maduka ya kompyuta na intaneti, wawaandikie watoto wao kazi, na walimu waliochoka wakizipokea.

Kuhusu kusoma sitasema mengi, ingawa lingefaa kuandikiwa barua yake. Vitabu teule vya fasihi sasa vina miongozo inayosomwa badala ya vitabu vyenyewe. Nina wanafunzi wanaoweza kutaja maudhui manane ya riwaya na sifa kumi za mhusika mkuu, lakini ukiwauliza sura ya kwanza inaanzia wapi, hawajui, kwa sababu hawajawahi kuifungua. Mtu ambaye hajawahi kukaa na sentensi za mwandishi stadi, akasikia zinavyopanda na kushuka, hana mahali pa kupata zake.

Halafu kumekuja programu za akili unde, yaani AI. Nimewasikia baadhi ya wakuu wakisema kwamba hizo ndizo zitakazoua uandishi. Naomba kutofautiana nao. Nilijaribu programu mojawapo kwa swali lile lile la mgaagaa na upwa, nikapata insha laini, yenye aya zinazolingana urefu, alfajiri yenye utulivu, mvuvi maskini asiyekata tamaa, na fundisho mwishoni. Haikuwa na kosa la tahajia, na haikuwa na bahari ndani yake. Mvuvi yule hakujua kusi wala kaskazi, hakujua maji yanatoka saa ngapi, wala hakuna aliyempiga pweza juu ya jiwe. Kwa mwongozo wa kusahihisha tuliokuwa nao siku ile, ningelazimika kuituza 16 au zaidi. Hili ndilo linalonikosesha usingizi. Kipimo chetu hakiwezi kumtofautisha mtoto na mashine, kwa kuwa kwa miaka mingi kimekuwa kikimtaka mtoto afanye kile ambacho mashine sasa inakifanya bila kuchoka, yaani kupanga maneno ya wengine katika mpangilio uliozoeleka. Kuwapokonya wanafunzi simu hakutaponya hilo.

Waheshimiwa, nawaandikia sasa, na si mwaka mwingine, kwa sababu mlango uko wazi. Kundi la mwisho la mfumo wa zamani wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya upili na minne ya chuo kikuu) litafanya KCSE mwaka 2027, na wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya watamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Mtihani utakaowapima haujawa mazoea bado. Yatakayoandikwa katika mwongozo wake wa kusahihisha yatafundishwa na walimu wa nchi nzima kwa miaka ishirini ijayo, kwa maana mwalimu hufundisha kinachotuzwa, hata mtaala ukisema vingine.

Naiomba KNEC iandike waziwazi, katika lugha ambayo kila mtahini ataielewa, kwamba aya isiyotokana na swali haistahili alama, hata ikiwa imepambwa kiasi gani. Kwamba msemo hutuzwa pale tu unapofanya kazi katika sentensi uliyomo. Na kwamba jambo lililotazamwa kwa makini na kusemwa kwa maneno ya kawaida ni ubunifu na lituzwe hivyo. Ripoti za mitihani mnazozitoa kila mwaka zingeweza kubeba insha nzima nne au tano za watahiniwa, majina yakiwa yameondolewa, pamoja na maelezo ya mtahini kuhusu sababu za alama alizotoa. Mwalimu wa Wajir au wa Busia angejifunza mengi zaidi kutoka kwa insha moja iliyoelezwa hivyo kuliko kutoka kwa semina ya siku mbili.

Naiomba KICD iwape wanafunzi nafasi ya rasimu. Mtaala mpya unakubali kazi kupimwa kidogo kidogo katika safari nzima ya mwanafunzi, basi sehemu ya alama za insha ipatikane kutoka kwa jalada lenye rasimu ya kwanza, maswali ya mwalimu, rasimu ya pili, na maelezo mafupi ya mwanafunzi kuhusu alichokibadilisha na kwa nini. Kazi iandikwe darasani, kwa mkono, mbele ya mwalimu. Mtu wa saiba hawezi kuuza rasimu tatu zinazoonyesha mtoto akihangaika na sentensi moja, na hata akijaribu, mwalimu anayemjua mtoto atalitambua hilo mara moja.

Naiomba TSC na Wizara zikubali kwamba kusahihisha insha ni kazi ya kufundisha, na kwamba inahitaji saa zake ndani ya ratiba. Walimu wa lugha wakipunguziwa vipindi vitatu kwa wiki, na saa hizo zikatengwa kwa ajili ya kukaa na mtoto mmoja mmoja na kazi yake, mtaona tofauti ndani ya mihula miwili. Najua mtaniambia kuhusu bajeti. Najua pia kwamba kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, tunasimama jukwaani tukiisifu lugha hii, na kwamba Katiba ya 2010 imeiita lugha ya taifa na lugha rasmi. Lugha ya taifa inagharimu pesa kama barabara inavyogharimu.

Nakala ya insha ya msichana yule ninayo. Niliinakili kwa mkono, pamoja na makosa yake ya tahajia, usiku ule kabla mabunda hayajarudishwa, na niliinakili pia ile ya jogoo na nyuni iliyotuzwa 17. Baadaye nilimtafuta msichana yule kupitia kwa mwalimu wake, nikamwomba ruhusa ya kuitumia insha yake, akaniuliza kwa mshangao kwa nini mtu angetaka insha ya C. Nilimjibu, lakini sidhani kwamba aliniamini, kwa kuwa alama aliyoiona ilikuwa imeandikwa kwa wino na maneno yangu yalikuwa ya mdomo tu. Niko tayari kuzileta insha zote mbili ofisini kwenu siku yoyote mtakayoniita, mzisome mkiwa mmeketi pamoja, mkiwa na mwongozo wa kusahihisha mezani.

Wenu mtiifu,

Mwalimu wa Kiswahili,
Pwani ya Kenya